Mkondo Haupungui Njiani: Uhakiki wa Vitenzi katika Maelezo ya Kiswahili Kuhusu Saketi za Mfuatano

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotumika kueleza tabia ya mkondo wa umeme katika saketi ambamo vikinza, yaani rezista, vimeunganishwa kwa mfuatano. Hoja kuu ni kwamba dosari kubwa katika maelezo ya aina hii haimo katika istilahi, ambazo tunazo za kutosha, bali imo katika vitenzi, viambishi vya njeo na vihusishi vinavyoziunganisha istilahi hizo. Maelezo yanaweza kutumia kila istilahi ipasavyo na bado yakamfundisha msomaji kwamba mkondo hupungua kila unapopita kwenye kikinza, jambo ambalo si kweli. Makala yanachambua chanzo cha dosari hiyo katika sarufi na katika matumizi ya kila siku ya neno umeme, yanapima sitiari ya mkondo, na yanapendekeza vigezo ambavyo watunga sera wa ukanda wetu wanaweza kuvitumia kupima matini za sayansi kabla hazijachapishwa.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa nomino. Swali lililoulizwa mara nyingi zaidi ni kama lugha hii inayo maneno ya kutosha kutaja vitu na dhana za fizikia, kemia na biolojia. Kazi kubwa ilifanyika kulijibu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tangu hapo orodha za istilahi zimeendelea kuongezeka. Leo anayetaka kuandika juu ya umeme kwa Kiswahili anayo saketi, mkondo, volteji, ukinzani, chaji, nishati, amita na voltimita. Hawezi kudai kwamba amekosa neno.

Mazingira ya kisera nayo yamebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 ilitambua Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote sambamba na Kiingereza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kukitumia kama lugha rasmi na kukifanya somo la lazima shuleni, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila hatua ya namna hii huleta haja ya matini mpya: vitabu, miongozo ya mafundi, vipindi vya redio, masomo ya mtandaoni. Ubora wa matini hizo hautapimika kwa kuhesabu istilahi zilizomo.

Nimechagua saketi ya mfuatano kwa sababu mbili. Kwanza, ni dhana ndogo inayoweza kuelezwa kikamilifu katika aya moja, kwa hiyo kosa la lugha halina pa kujificha. Pili, ni dhana ambayo wanaojifunza hukosea kwa namna inayofahamika na iliyochunguzwa vizuri katika lugha nyingine, kwa hiyo tunaweza kutenganisha kosa litokanalo na ugumu wa fizikia yenyewe na lile linalokuzwa na uandishi wetu.

2. Jambo lenyewe

Kabla ya kuhakiki maelezo, ni vema kuweka wazi kinachopaswa kuelezwa. Tuchukue betri ya volti 12 na vikinza vitatu vyenye ukinzani wa ohmu 2, ohmu 4 na ohmu 6, vilivyounganishwa kwa mfuatano, kimoja baada ya kingine, bila tawi lolote. Tuchukulie pia kwamba ukinzani wa nyaya na wa betri yenyewe ni mdogo kiasi cha kutotiliwa maanani. Ukinzani wa jumla ni ohmu 12. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, mkondo ni volti 12 gawanya kwa ohmu 12, yaani ampea 1.

Ampea hiyo 1 ndiyo itakayosomwa na amita popote itakapowekwa: kabla ya kikinza cha kwanza, kati ya cha kwanza na cha pili, kati ya cha pili na cha tatu, au kwenye waya unaorudi katika betri. Sababu yake ni rahisi. Chaji haina njia nyingine ya kupita na haikusanyiki mahali popote, hivyo kiasi kinachoingia katika kikinza kila sekunde ndicho kinachotoka. Kanuni hii ya mikondo katika makutano, pamoja na ile ya volteji katika mzunguko, iliwekwa wazi na Gustav Kirchhoff mwaka 1845.

Kinachogawanywa ni volteji. Kati ya ncha mbili za kikinza cha ohmu 2 kuna volti 2, kwenye cha ohmu 4 kuna volti 4, na kwenye cha ohmu 6 kuna volti 6. Jumla yake ni volti 12 za betri. Kinachotoka katika saketi ni nishati, kwa umbo la joto, kwa kasi ya wati 2, wati 4 na wati 6. Vikinza vikipangwa upya, cha ohmu 6 kikatangulia, hakuna kinachobadilika katika tarakimu hizi.

Sasa tuongeze kikinza cha nne chenye ohmu 12 mwishoni mwa safu. Ukinzani wa jumla unakuwa ohmu 24, na mkondo unakuwa ampea 0.5. Unakuwa hivyo kila mahali, hata katika sehemu ambayo kwa macho yetu iko kabla ya kikinza kipya. Volteji nazo zinagawanyika upya: volti 1, 2, 3 na 6. Jambo hili ndilo kipimo halisi cha uelewa. Anayeamini kwamba umeme husafiri kutoka kituo hadi kituo hataweza kueleza ni kwa vipi kikinza kilicho mwishoni kimeathiri kilicho mwanzoni.

3. Maelezo yenye istilahi sahihi na fizikia potofu

Sentensi ifuatayo nimeiunda mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata namna ya kueleza iliyozoeleka darasani na katika karakana: "Umeme unatoka kwenye betri, unafika kwenye kikinza cha kwanza ambacho kinapunguza mkondo, kisha unaendelea hadi kikinza cha pili na kupungua tena, na hatimaye unarudi kwenye betri."

Mhariri wa lugha ataipitisha sentensi hii bila shaka yoyote. Upatanisho wa kisarufi ni sahihi, istilahi ni sanifu, mtiririko ni mwepesi. Hata hivyo inafundisha kosa. Vipengele vinne vya lugha vinashirikiana kulijenga.

3.1 Kiima umeme

Neno umeme lilianza kwa kutaja mwanga wa radi angani, likapanuka hadi kutaja kila kitu kinachohusu nishati ya nyaya. Katika maisha ya kila siku upana huo haudhuru. Tunasema umeme umekatika, umeme umerudi, friji linakula umeme, umeme umekwisha. Mfumo wa malipo ya kabla wa Tanzania, LUKU, ni kifupi cha "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo", na wateja wa Yaka nchini Uganda au wa Cash Power nchini Rwanda nao hununua kitu ambacho baada ya muda huisha. Kauli hizi hazina kosa, kwa kuwa kinachonunuliwa hupimwa kwa kilowati-saa, yaani ni nishati, na nishati kweli hutumika.

Tatizo huanza neno hilohilo linapoingia katika maelezo ya saketi bila kuchambuliwa. Umeme wa nyumbani ni nishati, lakini umeme wa sentensi yetu unaanza kama chaji inayotoka katika betri, unageuka mkondo kwenye kikinza, na kurudi kama kitu kilichobaki baada ya matumizi. Msomaji anaingia darasani akijua kwamba umeme huisha, na sentensi inamthibitishia hivyo. Neno moja limebeba dhana tatu, na sifa ya mojawapo, yaani kutumika, imehamia kwa nyingine ambayo haitumiki.

Lugha jirani zinaonesha kwamba kila jamii ilipokutana na kitu hiki kipya ilikipa jina kwa kukilinganisha na kitu cha zamani. Katika Kirundi umeme huitwa umuyagankuba, neno lililojengwa kutokana na upepo na radi. Katika Kinyarwanda hutumika amashanyarazi, lakini katika mazungumzo ya kawaida pia umuriro, yaani moto. Nchini Uganda Waganda husema amasannyalaze, ilhali neno la Kiswahili umeme likawa jina la kampuni iliyosambaza nishati hiyo kuanzia mwaka 2005 hadi 2025. Mwanafunzi wa Bujumbura au Kigali anayesoma matini ya Kiswahili analeta upepo au moto kichwani mwake, na moto ni kitu kinachokula kuni mpaka zikaisha. Mwandishi anayelenga ukanda mzima hana budi kulijua hilo.

3.2 Kitenzi punguza

Kauli kwamba kikinza hupunguza mkondo inaweza kuwa kweli au uongo, na umbo lake halitofautishi. Ni kweli iwapo tunalinganisha saketi mbili: ile isiyo na kikinza hicho na ile iliyo nacho. Ni uongo iwapo tunalinganisha sehemu mbili za saketi moja: kabla ya kikinza na baada yake. Ulinganisho wa kwanza ni wa hali mbili, wa pili ni wa mahali pawili. Kitenzi punguza, kikiwa na nomino kikinza kama kiima na kikifuatana na mahali, humvuta msomaji kwenye ulinganisho wa pili, kwa sababu ndiyo maana ya kawaida ya kitu kupungua kinapopita mahali.

Kiswahili kinayo dawa ya jambo hili katika sarufi yake yenyewe. Tukikiondoa kikinza katika nafasi ya kiima na kuweka kitenzijina, maana mbili hutengana: "Kuongeza kikinza katika saketi hupunguza mkondo katika saketi nzima." Kinachopunguza sasa ni kitendo cha kuongeza, wala si kifaa kilichokaa njiani. Maneno "saketi nzima" yanafunga mlango wa tafsiri ya pili. Gharama ya marekebisho haya ni maneno machache tu.

3.3 Njeo ya simulizi

Sentensi yetu imepangwa kama safari: inatoka, inafika, inaendelea, inarudi. Maneno kisha na hatimaye yanakazia mpangilio huo. Mwanafunzi atakapoombwa kueleza tena kwa maneno yake, ni rahisi kwake kuangukia kiambishi -ka-, ambacho Kiswahili hukitumia kupanga matukio yanayofuatana: umeme ukatoka, ukafika, ukapungua, ukarudi. Hicho ni chombo kizuri cha hadithi. Katika saketi iliyokwisha kutulia, hata hivyo, hakuna tukio la kwanza wala la pili. Mkondo upo katika kila sehemu kwa wakati mmoja, na chaji zenyewe ndani ya waya husogea kwa mwendo mdogo sana, ambao kwa kawaida haufiki hata milimita chache kwa sekunde. Taa haisubiri chaji isafiri kutoka betri.

Istilahi mfuatano yenyewe inaweza kuchochea kosa hili. Kufuatana ni jambo la mahali, kama nyumba zilizofuatana barabarani, lakini pia ni la wakati, kama siku zinavyofuatana. Istilahi sambamba haina utata huo. Sipendekezi kuibadili istilahi mfuatano, maana mabadiliko ya mara kwa mara ni mzigo kwa walimu. Napendekeza kwamba inapotajwa kwa mara ya kwanza ifasiriwe kwa sifa ya njia badala ya zamu: vifaa vimeunganishwa kwa mfuatano iwapo kuna njia moja tu ya chaji kupita katika vyote.

3.4 Mkondo unaopita

Tumezoea kusema mkondo unapita. Kwa ukali wa maana, mkondo ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kila sekunde, kwa hiyo kinachopita ni chaji. Mwendo wa basi haupiti barabarani, basi ndilo linalopita, na mwendo wake huwa mkubwa au mdogo. Wanafizikia wa lugha nyingine nao husema kwa mkato kwamba mkondo unatiririka, na mtaalamu hapotoshwi na mkato huo. Anayeanza hupotoshwa, kwa kuwa kitu kinachopita kinaweza kupungua njiani, ilhali kipimo kinaweza tu kuwa sawa au tofauti kati ya mahali na mahali. Kusema kwamba mkondo ni ampea 1 kila mahali katika saketi kunaliweka jambo mahali pake.

Hapa vihusishi navyo vina kazi. Mkondo huwa katika waya au kupitia kikinza. Volteji huwa kati ya nukta mbili. Maandishi yanayosema volteji inapita katika kikinza yamekosea kihusishi, na kosa hilo dogo huzifanya volteji na mkondo kuwa kitu kimoja machoni pa msomaji.

4. Je, ni udhaifu wa Kiswahili?

Kuna hatari kwamba uchambuzi huu utasomwa kama ushahidi kuwa Kiswahili hakifai kwa fizikia. Matokeo ya utafiti yanapinga usomaji huo. Katika miaka ya 1980 Roger Osborne nchini New Zealand na David Shipstone nchini Uingereza walionesha kwamba watoto wanaojifunza kwa Kiingereza, lugha yao wenyewe, waliamini kwamba vifaa katika saketi hula sehemu ya mkondo. Mwaka 1992 Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walitakiwa kupanga balbu tano zinazofanana kwa kadiri ya mwangaza: moja ikiwa peke yake kwenye betri, mbili zikiwa kwa mfuatano, na mbili zikiwa sambamba. Ni takriban asilimia 15 tu waliojibu sawasawa, ingawa walikuwa wamefundishwa na waliweza kufanya hesabu za Ohm.

Kosa hili basi si la Kiswahili. Ni la namna binadamu anavyofikiri kuhusu vitu vinavyotumika. Hata hivyo matokeo hayo hayatupi ruhusa ya kustarehe. Yanatuonesha kwamba msomaji wetu, wa lugha yoyote, anakuja na wazo potofu tayari, na kwamba hesabu peke yake haliondoi. Sentensi inayolipa wazo hilo nafasi inaliimarisha. Tofauti kati ya matini nzuri na mbaya katika eneo hili ni kama sentensi zake zinalikabili wazo hilo au zinalipisha.

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni la mwalimu wa fizikia na si la mtaalamu wa lugha. Nakubali kwamba hakuna sentensi, hata iandikwe vizuri kiasi gani, itakayochukua nafasi ya amita mbili zilizowekwa pande mbili za kikinza mbele ya macho ya wanafunzi. Lakini mwanafunzi ataziona amita zote mbili zikisoma ampea 1, kisha atafungua kitabu, na kitabu kitampa maneno ya kukumbuka alichokiona. Kitabu kikisema mkondo umepungua, ataamini kwamba amita ilikuwa mbovu.

5. Sitiari ya mkondo na mipaka yake

Istilahi mkondo ni sitiari, na ni nzuri. Inatoka katika maji, na msemaji wa pwani au wa bara huielewa bila kufafanuliwa. Dosari yake ni kwamba mkondo tunaoujua una chanzo na mwisho, na una watu pembezoni wanaochota. Katika mifereji ya asili ya umwagiliaji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliye juu akichukua maji mengi, aliye chini hupata kidogo. Mkulima anayejua hivyo ana haki ya kutarajia kwamba kikinza cha kwanza kitapata zaidi. Sitiari imempa jibu, na jibu hilo si sahihi, kwa kuwa mfereji una matawi na hauna mzunguko.

Dedre Gentner na Donald Gentner, katika uchunguzi wao wa mwaka 1983, walilinganisha watu waliofikiria umeme kama maji na wale walioufikiria kama umati unaopita katika njia zenye malango. Hoja yao kuu ni kwamba sitiari huamua ni maswali gani mtu atayajibu vizuri: taswira ya maji ina msaada kwa maswali kuhusu betri, na taswira ya umati kwa maswali kuhusu vikinza. Funzo kwa waandishi wetu ni kwamba hakuna sitiari moja inayotosha, na kwamba mwandishi anapaswa kutamka wazi ni wapi taswira yake inafika kikomo.

Kwa saketi ya mfuatano, taswira inayofaa zaidi katika ukanda wetu ni mnyororo wa baiskeli, ambayo baadhi ya walimu wa fizikia huitumia. Mwendeshaji anapokanyaga pedeli, pingili zote huenda kwa pamoja na kwa mwendo uleule. Ukiushika mnyororo mahali popote, mnyororo mzima hupunguza mwendo, hata sehemu iliyo kabla ya mkono wako. Mnyororo hauliwi wala haupungui, nao hurudi ulikotoka. Kinachotumika ni jasho la mwendeshaji, na mkono unaoshika ndio unaopata joto. Taswira hii inajibu swali la kikinza cha nne ambalo mkondo wa maji ulishindwa kulijibu. Mpaka wake pia uko wazi: mnyororo hauwezi kugawanyika katika matawi, hivyo hautufai tunapoingia kwenye saketi sambamba, na huko mkondo wa maji unarudi kuwa na manufaa.

6. Maelezo mbadala

Baada ya kukosoa, mhakiki anawiwa mfano. Aya ifuatayo inaeleza saketi ileile ya vikinza vitatu kwa istilahi zilezile:

"Betri na vikinza vitatu vimeunganishwa katika njia moja isiyo na tawi. Chaji haina pengine pa kupita wala haikusanyiki njiani, kwa hiyo mkondo ni uleule katika kila sehemu ya saketi. Ukubwa wa mkondo huo unaamuliwa na volteji ya betri pamoja na ukinzani wa vikinza vyote kwa jumla. Volteji ya betri hugawanyika kati ya vikinza: chenye ukinzani mkubwa huwa na volteji kubwa zaidi kati ya ncha zake. Nishati hutoka katika kila kikinza kwa umbo la joto. Kikinza kingine kikiongezwa popote katika njia hiyo, mkondo huwa mdogo zaidi katika saketi nzima."

Aya hii haina istilahi ngumu kuliko ile ya kwanza. Neno umeme halimo kabisa. Kila kitenzi kimepewa kiima kinachostahili: chaji haikusanyiki, mkondo ni, volteji hugawanyika, nishati hutoka. Hakuna kisha wala hatimaye. Njeo ni ya mazoea, inayofaa kwa jambo ambalo ni kweli wakati wote. Nakiri kwamba inasomeka kwa ukavu kidogo kuliko hadithi ya safari, na mwandishi wa watoto atataka kuichangamsha. Anaweza kufanya hivyo kwa mnyororo wa baiskeli bila kurudisha kosa.

7. Mambo ya kuzingatiwa na watunga sera

Uchambuzi huu una athari kwa namna tunavyosimamia lugha ya sayansi katika ukanda.

Kwanza, ingizo la kamusi ya istilahi lisiishie kwenye nomino na fasili yake. Kila istilahi iambatane na walau sentensi mbili za mfano zinazoonesha vitenzi na vihusishi vinavyoandamana nayo, na moja inayoonesha matumizi ya kuepukwa. Mwandishi anayejua kwamba volteji huandamana na "kati ya" amepata msaada mkubwa kuliko anayejua tu kwamba neno hilo lipo.

Pili, usanifishaji wa kikanda uanze na dhana zinazochanganyana. Nchini Kenya wizara inayohusika na sekta hii ni ya kawi, nchini Tanzania ni ya nishati. Msomaji anayevuka mpaka anaweza kudhani ni vitu viwili, ilhali neno nguvu, ambalo katika mazungumzo hutaja kani, nishati na uwezo wa mwili kwa pamoja, linaendelea kutumika pande zote bila mpaka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuzikutanisha nchi kwa jambo mahususi kama hili.

Tatu, idhini ya kitabu cha sayansi isitolewe na mhariri wa lugha na mtaalamu wa somo wakifanya kazi mbalimbali. Katika mfano wetu mhariri wa lugha ameipitisha sentensi kwa kuwa sarufi ni sahihi, na mtaalamu wa fizikia anaweza kuipitisha kwa kuwa anasoma anachokijua badala ya kilichoandikwa. Wakae pamoja, wasome sentensi kwa sentensi, waulize kila kitenzi kinadai nini.

Nne, matini ijaribiwe kwa maswali ya ubashiri kabla ya kuchapishwa. Swali moja linatosha kwa saketi ya mfuatano: baada ya kusoma aya, wasomaji waulizwe mkondo utakuwaje kabla ya kikinza cha kwanza iwapo kingine kitaongezwa mwishoni. Wengi wakijibu kwamba hautabadilika, aya iandikwe upya. Jaribio hilo linahitaji karatasi na nusu saa.

8. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba sentensi ya Kiswahili kuhusu saketi ya mfuatano inaweza kuwa sanifu na bado ikapotosha, kwa sababu upotoshaji umo katika mahusiano kati ya maneno. Yameonesha pia kwamba sarufi ya Kiswahili, kwa vitenzijina vyake, njeo ya mazoea na vihusishi vya mahali, ina uwezo wote unaohitajika kulisema jambo hili kwa usahihi. Nchi jirani zinazoanza sasa kuandaa matini zake zina fursa ambayo waliotangulia hawakuwa nayo: istilahi zipo tayari, hivyo juhudi inaweza kuelekezwa kwenye sentensi. Ikiwa kamati za vitabu zitaendelea kupokea orodha za maneno kama uthibitisho kwamba kazi imekamilika, wanafunzi wetu watajua kuutaja ukinzani kwa Kiswahili fasaha na wataendelea kuamini kwamba mkondo huliwa njiani.